Joka tunalikumbuka, bajeti tunaisahau

Julai 2024 ilikuwa na Jumapili mbili ambazo wafuatiliaji wa tamthilia ya House of the Dragon hapa Arusha hawatazisahau upesi, na tamthilia yenyewe ilichangia nusu tu ya sababu. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 14, yapata saa saba kwa saa zetu, Donald Trump alijeruhiwa sikio kwa risasi akiwa jukwaani katika mji wa Butler, Pennsylvania. Wengi wetu tulizipata habari hizo tukijiandaa kwenda ibadani, na alfajiri ya Jumatatu ikatoka sehemu ya tano ya msimu wa pili. Jumapili iliyofuata, karibu saa tatu usiku, Joe Biden akatoa barua ya kujiondoa kwenye kinyang'anyiro cha urais, na kabla hapajapambazuka vizuri sehemu ya sita ilikuwa imekwishapakuliwa na kurushwa kutoka simu moja hadi nyingine. Jumatatu hiyo ukimuuliza mtu "Umeona?", alikuwa na haki ya kukujibu "Kipi?"

Tangu wakati huo nimesikia mara nyingi, kwa sauti ya kulalamika, kwamba siasa za Marekani zimegeuka tamthilia, yaani watu wanazitazama kwa wepesi na kusahau asubuhi. Mimi jambo hilo naliona kwa upande wa pili. Kwa jinsi nilivyowasikia watu wa mji huu wakiijadili House of the Dragon, na jinsi nilivyowasikia hao hao wakiujadili uchaguzi wa Novemba 2024, nimeshawishika kwamba tamthilia ndiyo iliyotazamwa kwa umakini na uchaguzi ndio uliotazamwa kwa wepesi. Laiti mgombea angekaguliwa kwa ukali ule anaokaguliwa nao mwandishi wa hadithi za majoka!

Nitoe mfano ninaoujua. Kuna duka moja Ngarenaro la kuweka filamu kwenye flashi, lenye nafasi ya meza, kompyuta na benchi la wanaosubiri. Jina lake silitaji, kwa sababu zinazoeleweka. Ukutani, mgongoni mwa kalenda iliyokwisha muda wake, mwenye duka amechora kwa kalamu ya rangi ukoo mzima wa kifalme wa Targaryen, wanaogombea kiti katika tamthilia hiyo, walio hai kwa bluu na waliokufa wakiwa wamekatwa mstari. Aliuchora baada ya wateja kuchanganyikiwa, kwa kuwa Rhaenys na Rhaenyra ni watu wawili, na akina Aegon wako watatu: yule wa kale aliyeuanzisha utawala, mfalme wa upande mmoja wa vita, na mtoto mdogo wa upande wa pili. Siku moja nikiwa hapo, mama mmoja anayeuza mitumba alisimama mbele ya mchoro ule, akautazama kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye majina ya watoto wakubwa wa Rhaenyra na kusema kwamba baba yao si huyo aliyeandikwa. Mwenye duka hakutetereka. "Mama yangu," alimjibu, "mimi nafuata karatasi za mfalme. Umbea siuchori." Benchi zima likaingia katika mjadala, na flashi yangu ikasahauliwa kwenye kompyuta.

Mjadala wenyewe ulistahili kusikilizwa. Kwa wasioifuatilia tamthilia hii, Mfalme Viserys alimtangaza binti yake Rhaenyra kuwa mrithi, na mabwana wa nchi wakaapa mbele yake. Miaka mingi baadaye, akiwa anakata roho, alilitaja jina la Aegon akiwa na maana ya yule wa kale na utabiri aliouacha, lakini mkewe Alicent, aliyekuwa peke yake kando ya kitanda, akaelewa kwamba anataka mtoto wao wa kiume ndiye arithi. Kikao cha faragha kikafanyika, na Aegon akavikwa taji kabla Rhaenyra hajajua kwamba baba yake amefariki. Pale dukani kijana wa bodaboda alitaka kujua ni nani mwingine aliyeyasikia maneno hayo ya mwisho, na alipoambiwa hakuna, akasema basi hayo si wosia. Mwingine akakumbusha kwamba kiapo cha mabwana hakikuwahi kufutwa. Mzee mmoja, ambaye nilidhani amekuja kuchajisha simu tu, akaturudisha mwanzo kabisa wa tamthilia, kwenye baraza kuu la Harrenhal, ambako Rhaenys alinyimwa kiti kikapewa Viserys, binamu yake, kwa kuwa ni mwanamume. Akauliza: mtu aliyekalia kiti kwa sababu mwanamke amekataliwa, anapata wapi uhalali wa kumrithisha mwanamke?

Ushahidi wa shahidi mmoja, nguvu ya kiapo, uzito wa uamuzi uliotangulia: yote matatu yalitajwa katika muda wa kunywa soda moja, na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita wachambuzi. Hakuna aliyekubaliwa kusema jambo bila kuonyesha limetokea katika sehemu gani ya msimu upi.

Oktoba ilipofika, benchi hilo hilo likaugeukia uchaguzi, na ukali ule ukayeyuka. Kamala Harris, aliyechukua nafasi ya Biden, alijulikana hapa kuliko wagombea wengi wa huko, kwa kuwa mwishoni mwa Machi 2023 alifika Dar es Salaam na kupokewa Ikulu na Rais Samia Suluhu Hassan. Hivyo hoja iliyorudiwa zaidi ilikuwa kwamba Wamarekani wanajiita mabingwa wa demokrasia ilhali hawajawahi kumkabidhi mwanamke nchi, na sisi tunaye tangu tarehe 19 Machi 2021. Ni hoja ya kufurahisha, ingawa ina kasoro inayosahaulika kirahisi, kwani Rais Samia aliingia madarakani kwa mujibu wa Katiba baada ya kifo cha Rais Magufuli na wala si kwa kura zilizopigwa kwa jina lake kama mgombea urais. Upande wa Trump walisema ni mwanamume wa maamuzi, na kwamba Mungu hakumwokoa pale Butler bila sababu. Nilingoja mtu aulize, kama alivyouliza yule kijana wa bodaboda, ni wapi ilipoandikwa na nani mwingine aliyesikia. Hakutokea.

Sidhani kwamba watu wale walikuwa wamepungukiwa akili kati ya Julai na Oktoba. Nadhani walikuwa wamekwishachagua timu, na timu ina tabia ya kumaliza maswali. Ajabu ni kwamba tamthilia ndiyo iliyotaka kutugawa kwa makusudi. Msimu wa pili ulitangazwa kwa vionjo viwili vinavyoshindana, na mtazamaji akatakiwa achague kuwa upande wa Weusi wanaomfuata Rhaenyra au upande wa Kijani wanaomfuata Aegon. Hapa Arusha mgawanyo huo uliishia kwenye vicheko, kwani Weusi kwetu ni kundi la hip hop la mji huu, na kijani ni rangi ya chama ambacho kila mtu anakijua. Hata waliochagua upande waliendelea kuukosoa. Rhaenyra alipowakabidhi majoka watu wa kawaida bila kuwajua vizuri, wafuasi wake ndio waliokuwa wa kwanza kusema amefanya ujinga. Msimu ulipokwisha tarehe 4 Agosti bila ile vita kubwa iliyokuwa ikisubiriwa, Weusi na Kijani walilalamika pamoja kwamba wamedhulumiwa. Sijamsikia mfuasi wa Harris wa mji huu akisema mgombea wake ameshindwa kujibu swali, wala wa Trump akikiri kwamba wake amesema uongo.

Kuna kundi moja la watu hapa ambalo lina utaratibu wake, nao ni madereva na waongoza watalii. Wamarekani ni miongoni mwa wageni muhimu zaidi wa hifadhi zetu za kaskazini, na kwa siku kadhaa mfululizo dereva huwa nao ndani ya gari moja, kuanzia Tarangire hadi Serengeti. Kanuni isiyoandikwa ni kwamba humuulizi mgeni amempigia nani kura, na akikueleza mwenyewe unasema "Ooh" na kumwonyesha twiga. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi hiyo alinisimulia habari za baba na binti yake walionuniana kuanzia Karatu kwa sababu ya uchaguzi, mama akiwa katikati anatazama dirishani, hadi yeye alipoona hana jinsi akasimamisha gari na kutoa mhadhara mrefu juu ya mavi ya tembo, jinsi yanavyosafirisha mbegu. Anasema ilisaidia. Alipomaliza kucheka aliniambia jambo lililonigusa zaidi, kwamba madereva wenyewe kambini jioni huujadili uchaguzi wa Marekani kwa kelele hadi mpishi anawafukuza, lakini ukitajwa wa kwetu, mtu hutazama kwanza ni nani aliyekaa jirani.

Naamini hapo pana sehemu kubwa ya maelezo. Uchaguzi wa ng'ambo unatupa raha ya kubishana bila gharama. Tunaupenda kwa sababu tunadhani haututozi kitu.

Matokeo yalitangazwa Jumatano tarehe 6 Novemba, yapata saa saba na nusu mchana kwa saa zetu, watu wakiwa kwenye chakula. Nilikuwa kwa mama ntilie jirani na soko la Kilombero. Simu ziliinuliwa, mmoja akapiga meza, mwingine akadaiwa soda aliyoiwekea dau, na yule mama, huku akipakua maharage, akauliza kama bei ya mafuta ya kupikia itashuka. Wote tulicheka. Safari hii hapakuwa na utata wa mwaka 2016, ambapo Hillary Clinton alimzidi mwenzake kwa karibu kura milioni 2.9 na bado akashindwa kwa hesabu ya wajumbe wa majimbo, ambao ndio wanaomchagua rais. Trump alikuwa amepata wajumbe 312 kati ya 538, na kura za wananchi milioni 77 dhidi ya milioni 75. Baada ya muda mfupi kila mtu alirudi kwenye shughuli zake. Kati ya yote yaliyosemwa mezani pale, swali la mama ntilie ndilo pekee lililohusu maisha yetu, na ndilo lililochekwa.

Tungekuwa tunautazama uchaguzi kama tunavyotazama tamthilia, tungerudi kwenye msimu wa kwanza. Trump alikwishakuwa rais kuanzia Januari 2017 hadi Januari 2021, na dalili zilikuwa wazi. Katika pendekezo lake la kwanza la bajeti, Machi 2017, alitaka fedha za wizara ya mambo ya nje na misaada ya kimataifa zipunguzwe kwa zaidi ya robo, na Bunge la Marekani, ambalo chama chake ndicho kilichokuwa na wingi wa viti, likakataa. Mtazamaji makini angeuliza swali moja tu mwaka 2024: safari hii nani atakataa? Swali hilo lingeweza kuulizwa na yule mzee wa dukani bila shida yoyote, maana ndiyo njia aliyoitumia juu ya Harrenhal, kurudi mwanzo.

Tungerudi nyuma zaidi, tungegundua pia kwamba timu zenyewe hazikuwa kama tulivyozichora. Wengi wetu tunawahesabu Democrats kuwa "wetu" tangu Barack Obama aliposhinda mwaka 2008. Lakini PEPFAR, mpango mkubwa wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulioanzishwa mwaka 2003 na kutibu mamilioni ya Waafrika, ni kazi ya George W. Bush, Republican. Bush huyo huyo alifika hapa Arusha Februari 2008, akatembelea Hospitali ya Wilaya ya Meru na kiwanda cha A to Z kinachotengeneza vyandarua. Watu wazima wa Usa River wanaukumbuka msafara wake. Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, unaona kwamba jina la chama halikutosha kukuambia nani atafanya nini, na kwamba ilibidi kumtazama mtu na rekodi yake.

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Siku chache baadaye miradi iliamriwa isimamishe kazi. Kibali cha kuruhusu huduma za kuokoa maisha kilitolewa kabla ya mwisho wa mwezi, lakini wakati huo watu wengi walikuwa wamekwishaambiwa wabaki nyumbani. Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika hilo likakoma kutekeleza misaada. Arusha na Moshi ni miji ya miradi. Katika kila ukoo kuna mtu anayeendesha gari la mradi, anayeingiza takwimu za mradi, au anayezunguka vijijini kuwafuatilia wagonjwa walioacha dawa. Jirani yangu, mama wa watoto wawili, alikuwa katika kundi hilo la mwisho. Alipigiwa simu siku ya kazi, akaambiwa asiende kijijini kesho yake, na daftari lake la majina ya wagonjwa akatakiwa alirudishe ofisini. Kilichomuuma, aliniambia, ni kwamba wagonjwa wale walikuwa na namba yake ya simu na waliendelea kumpigia.

Katika msimu wa pili wa House of the Dragon kuna tukio lililowaudhi watu wa benchi lile kuliko vifo vya wakubwa wote. Mtoto wa mfalme ameuawa kitandani, mmoja wa wauaji ni mkamata panya wa ikulu, na Mfalme Aegon, kwa kuwa hakujua ni yupi, akaamuru wakamata panya wote wanyongwe na miili yao itundikwe ukutani mbele ya wake na watoto wao. Sitaki kuulazimisha mfano huu uende mbali, kwa sababu kusitishiwa mkataba si kunyongwa. Lakini naikumbuka hasira ya watu wale, na hoja yao kwamba mtawala asiyetaka kazi ya kuchunguza mmoja mmoja huwaadhibu wote kwa mpigo. Amri ya kusimamisha kila kitu kwanza na kukagua baadaye ilistahili hasira ya aina hiyo. Badala yake nilisikia watu wakisema "Ndiyo siasa."

Nitaambiwa, na nimekwishaambiwa, kwamba sisi hatuna kura Marekani, na hata tungeukagua uchaguzi wao kwa darubini tusingebadilisha kitu. Ni kweli, wala simtaki mtu ajidanganye. Hata kiti cha Rhaenyra hatuna uwezo nacho, na bado tunataka kila hatua ithibitishwe. Faida ya kukagua mapema ingekuwa kujiandaa. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja, Aprili 2001, kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Kama ahadi hiyo ingefuatiliwa mwaka hadi mwaka, kwa kumbukumbu ile ile inayotufanya tujue ni katika sehemu ya ngapi Lucerys, mtoto wa Rhaenyra, aliuawa na joka Vhagar (ya kumi, msimu wa kwanza, naona mmekwishajibu), simu ya Januari isingemkuta jirani yangu bila mahali pa kwenda. Bajeti yetu ya 2025/26, iliyosomwa Juni 2025, iliongeza tozo kwenye baadhi ya bidhaa, vileo vikiwemo, kwa ajili ya Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Ilikuwa hatua nzuri, ila ilikuja baada ya bomba kufungwa.

Kampeni zetu wenyewe zilipangwa kuanza tarehe 28 Agosti 2025, na kura tarehe 29 Oktoba. Walikuwapo waliosema kwamba chama kikuu cha upinzani hakimo kwenye karatasi ya kura, hivyo maswali ni ya nini. Hoja hiyo ilikuwa nzito na sikuipuuza, na nilipenda nayo isemwe kwa sauti badala ya kunong'onwa kambini. Lakini mgombea ubunge na mgombea udiwani walitarajiwa kupita Ngarenaro, Kaloleni, Sakina na Usa River kuomba kura, na kuruhusu maswali mawili matatu kabla ya muziki kuwashwa. Langu nilikuwa nalo tayari: zile tozo za Juni zimekusanya shilingi ngapi hadi sasa, ni kiasi gani kimefika kwenye vituo vya afya vya mkoa huu, na waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa vijijini wataajiriwa na nani. Na nilikusudia kwamba akinijibu serikali inalifanyia kazi, nimuombe anitajie msimu na sehemu.